Viraka Mia na Nne

Mjukuu wangu wa kike anasoma mambo ya kompyuta. Mwezi uliopita aliniketisha mbele ya mashine yake akaniambia, "Bibi, angalia, hii ndiyo programu yangu ya kwanza. Unaipa namba unazozijua, inakutafutia ile usiyoijua, ile iliyozidishwa kwa yenyewe." Nikamwambia programu kama hiyo niliiandika mimi kabla mama yake hajazaliwa, kwenye karatasi ya kufungia sukari, hapa hapa Gisenyi, mjini kwetu kando ya ziwa. Akacheka. Hakucheka kwa dharau, lakini alicheka. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Sikusoma sana. Nilikaa miaka miwili kwa masista, na chuo cha Kurani mpaka nilipoposwa, basi. Kusoma nasoma polepole. Kuhesabu ni kitu kingine. Kuhesabu nilifundishwa na viraka.

Miaka ya hamsini, katika mtaa wetu wa Waswahili, wanaume walishona kwa cherehani barazani na wanawake tulishona kwa mkono uani. Kazi yetu kubwa ilikuwa kitandiko cha bibi harusi. Kilikuwa na masharti mawili ambayo hakuna mtu aliyeyavunja. La kwanza: kila mwanamke wa ukoo anatoa viraka kutoka kwenye nguo aliyoivaa mwenyewe, na kila kiraka kilichotolewa kinaingia. Ukikiacha kimoja nje, umemwambia mwenyewe kwamba hatakiwi katika nyumba ya binti. La pili: bibi wa bibi harusi anafuma dantela kwa mkono wake, utepe mmoja wa uzi mweupe wa kuzungushia kitandiko, na dantela ile haikatwi. Ncha lazima ikutane na ncha. Kuikata ni kuikata ndoa, ndivyo walivyosema, na mimi sikuwahi kuuliza nani alisema wa kwanza.

Sasa fikiri mwenyewe. Umeletewa viraka tisini na tisa, kila kimoja shubiri moja kila upande. Umeletewa dantela ya shubiri arobaini. Kitandiko kiwe na pembe nne zilizonyooka, viraka vyote viingie, dantela izunguke yote bila kubaki na bila kupungua. Kiwe na urefu gani? Kiwe na upana gani?

Mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa vitandiko mtaani, alijibu swali hilo kwa magoti. Alitandika viraka juu ya mkeka, akazungusha dantela, ikabaki. Akavikusanya, akatandika tena, ikapungua. Siku mbili, wakati mwingine tatu. Mimi, mke wa mwanawe, nikiwa na miaka kumi na saba, kazi yangu ilikuwa kushika ungo wa viraka na kunyamaza.

Siku hiyo ya viraka tisini na tisa alianza na mraba, kumi kwa kumi. Dantela ikatosha kabisa, lakini pembeni pakabaki pengo la kiraka kimoja. Akaguna, akaanza kuvikusanya.

"Mama, ngoja," nikasema.

"Nani anasema ngoja?"

"Ni mi. Huo mustari wa mwisho uko na viraka tisa. Iko mistari mingine tisa juu yake. Uinue wa mwisho, uusimamishe pembeni."

Aliniangalia kama mtu aliyesikia ungo ukizungumza. Halafu akainua mstari ule wa viraka tisa, akausimamisha ubavuni. Kila mstari ukapata kiraka chake. Kumi na moja kwa tisa. Dantela ikazunguka, ncha ikagusa ncha.

"Bon," akasema. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kusema vema. Mara iliyofuata viraka vilikuwa tisini na sita, dantela ya arobaini tena, naye akanisogezea mkeka. "Fanya."

Nikafanya mraba wa kumi kwa kumi. Pengo la pembeni likawa viraka vinne, nikalipanga liwe mbili kwa mbili. Nikainua mistari miwili ya chini, nikaisimamisha ubavuni. Kumi na mbili kwa nane. Ndipo nilipoelewa, na nililielewa lote kwa mara moja, kama mtu anavyouona mlango baada ya kupapasa ukuta. Pengo lenyewe ni mraba. Upande wa pengo ndio unaouongeza huku na kuupunguza kule. Sihitaji mkeka. Nahitaji namba mbili tu, idadi ya viraka na urefu wa dantela, na jibu nitakupa nikiwa naosha vyombo.

Nilimpa. Tangu siku hiyo mama mkwe alikuwa akipaza sauti kutoka uani, "Sabini na saba, dantela makumi tatu na sita!" nami nikiwa jikoni nampigia kelele, "Kumi na moja kwa saba!" Wanawake waliokuwepo walidhani nina jini. Sikuwa na jini. Nilikuwa na mraba na pengo lake.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliolewa Rubona, kule bandarini, kwa fundi wa kutengeneza mitumbwi. Wanawake wa kule walikuwa watu wa kanisa na sisi watu wa msikiti, lakini walipokiona kitandiko chake cha harusi walikitaka. Basi akaanza kuwashonea. Kushona alijua kuliko mimi. Kuhesabu ndiko kulikomshinda, na kila harusi ilimfanya atembee mpaka Gisenyi kuniuliza namba mbili.

"Wifi, miguu yangu imeisha," akaniambia siku moja. "Niandikie hiyo dawa yako kwa karatasi. Kila kitu. Mi nitafanya yenye imeandikwa, hata sitauliza juu ya nini."

Nikakaa chini nikaandika. Kufanya kitu kwa kichwa chako ni jambo moja. Kukiandika ili kifanywe na kichwa kingine ni jambo lingine, na hapo ndipo nilipotoka jasho. Nilipoandika "pima dantela", akaenda akapima kwa shubiri yake, na mkono wake ni mdogo kama wa mtoto. Dantela ya arobaini ikawa arobaini na tano. Nikamkatia kibao chenye urefu wa kiraka, nikaandika upya: pima kwa kibao, usipime kwa mkono. Nilipoandika "tafuta namba inayojizidisha ikatoa pengo", akaniuliza ataitafuta wapi, sokoni? Nikamwandikia orodha: moja inatoa moja, mbili inatoa nne, tatu inatoa tisa, mpaka kumi na tano.

Mwisho karatasi ikawa hivi. Pima dantela kwa kibao. Igawe nusu. Ile nusu igawe tena nusu. Jibu lizidishe kwa lenyewe, huo ndio mraba. Toa viraka. Kinachobaki ndicho pengo, kitafute kwenye orodha. Kama hakimo, waombe wenye harusi waongeze viraka, kisha anza upya. Kama kimo, chukua namba yake, iongeze kwenye upande wa mraba upate urefu, ipunguze upate upana. Shona.

Niliisoma mara tatu. Nikajiona mtu mkubwa. Nikampa, naye akaibandika ukutani kwa ugali.

Ilifanya kazi vitandiko vinne. Cha tano ndicho ninachotaka kusema.

Ilikuwa asubuhi, siku tano kabla ya harusi ya binti mmoja wa wavuvi, jirani wa wifi. Mama mmoja muuza samaki aliteremsha kikapu mlangoni kwetu akasema bila salamu, "Wifi yako anaitwa mwizi. Kuja."

Nilitembea njia ya ziwani mpaka Rubona bila kupumzika. Nilikuta ua wa wifi umejaa watu. Kitandiko kimetandazwa juu ya mikeka, kizuri, kimeshonwa mpaka mwisho, dantela imezunguka bila kasoro. Kumi na mbili kwa nane. Pembeni yake amesimama shangazi wa bibi harusi, dada wa baba yake, mwanamke mrefu aliyetoka Cyanzarwe, kule mashambani. Kwa watu wale, shangazi ndiye anayemshika binti mkono na kumtoa nyumbani. Bila mkono wake binti hatoki.

Desturi ilikuwa kwamba kitandiko kikiisha, kila mwanamke anakuja kutafuta kiraka chake kwa kidole. Shangazi alikuwa ametafuta tangu jua linachomoza. Havikuwepo. Viraka vyake viwili, alivyokata kwenye nguo aliyovaa siku alipombeba binti yule kumpeleka kubatizwa, vilikuwa katika kikapu cha wifi yangu, pamoja na vingine sita.

"Kumbe mi siko mutu wa hii nyumba," alikuwa akisema, na hakuwa akimwambia mtu yeyote. "Sawa. Mutafute mwingine wa kumushika mukono. Mi nitarudi kulima."

"Mama, nilifuata karatasi," wifi akasema. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Karatasi ilikuambia uiweke nguo yangu kwa kikapu?"

"Alikuwa anazificha ashonee watoto wake," mwanamke mmoja akadakia nyuma.

"We nyamaza," nikamwambia. "Watoto wake hawana haja na sketi yako." Watu wakacheka kidogo, na hapo nikapata nafasi ya kupita.

Nasema ukweli: moyoni nilikuwa nimekwisha kumhukumu wifi. Nilijua karatasi yangu. Ilikuwa imefanya kazi vitandiko vinne. Nilikuwa na hakika amekosea kujumlisha, na nilikuja Rubona kumwonyesha mbele ya watu mahali alipokosea, ili ajulikane ni mjinga na asijulikane ni mwizi. Nilidhani huo ni wema.

"Leta karatasi," nikamwambia. "Fanya mbele yangu, kama ulivyofanya. Usiruke kitu."

Akaileta. Akasoma kwa kidole.

"Dantela, arobaini. Nusu yake, makumi mbili. Nusu tena, kumi. Kumi mara kumi, mia. Viraka vilikuwa tisini na saba. Mia toa tisini na saba, tatu. Nikatafuta tatu kwa orodha, haiko. Karatasi inasema waombe waongeze. Nikaomba."

"Uliomba vingapi?"

"Karatasi haisemi vingapi. Nilisema kule kwenye wanauza samaki, kitandiko cha fulani kinapungukiwa. Wakaleta. Kila mutu akaleta. Saba. Ningemurudisha nani?"

Nikarudia hesabu kichwani. Vilitakiwa viwili tu, vitimie tisini na tisa.

"Endelea."

"Nikaanza upya, vile inasema. Mia. Toa viraka. Viraka ni mia na nne." Kidole chake kikasimama juu ya neno. "Nikatoa. Ikabaki nne."

"Ulitoaje?"

"Mia na nne, toa mia. Nne."

"Karatasi inasema mraba utoe viraka. Wewe umechukua viraka ukatoa mraba. Umegeuza."

Akaniangalia. Wifi yangu si mtu wa kelele, lakini siku ile aliinua kichwa.

"Wifi. Mia na nne itatoka namna gani ndani ya mia? Mutu anatoa kidogo kwa kingi. Hata mutoto anajua. Mi nilisema, muke wa kaka yangu hawezi kuandika kitu chenye hakiwezekane, donc, basi, alitaka kusema hivi. Nne iko kwa orodha. Mbili. Kumi na mbili, nane. Dantela ikaenea yote. Nikajua vile nane ni vya ziada." Halafu akasema taratibu, "Karatasi yako haina mudomo. Ningeiuliza nini?"

 Nilikuwa na nafasi ya kusema angetembea Gisenyi kuniuliza. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini mimi ndiye niliyeandika karatasi ili asitembee, na yeye ndiye aliyeniambia tangu mwanzo kwamba atafanya yaliyoandikwa na hatauliza. Kila dantela niliyoiona maishani ilikuwa ndefu kwa viraka vyake, kwa kuwa bibi za kwetu walifuma wakashindwa kuacha. Haikunijia akilini kwamba kuna siku viraka vitazidi. Na vilizidi kwa sababu ya mstari wangu mwenyewe, ule wa kuomba.

"Mama," nikamwambia shangazi, "huyu hakuiba na hakukosea. Alifanya kile nilichomwandikia. Kosa ni la karatasi, na karatasi ni yangu."

"Bon," akasema shangazi. "Na nguo yangu iko wapi kwa hilo kosa lako? Inaingia ama haiingii?"

Hilo ndilo lililokuwa swali, na sikumlaumu kwa kuliuliza.

Nikaomba mkasi mdogo. Nikaanza kufumua dantela, mshono kwa mshono, bila kuigusa dantela yenyewe. Wengine wakapiga kelele, harusi imebaki siku tano! Nikaendelea. Ilipotoka yote niliiweka juu ya mkeka mtupu, nikaifunga duara, nikaivuta iwe mraba.

"Sogeeni muone," nikasema. "Hapa ndani kunaingia viraka mia. Sasa nairefusha." Nikaivuta ikawa ndefu na nyembamba. "Vinaingia tisini na sita. Nikivuta zaidi, tisini na moja. Kila nikivuta, nafasi inapungua. Hakuna namna ya kuivuta ikameza mia na nne. Haipo. Mtu akikuambia ameipata, amewaacha watu nje."

Mama mmoja akainama akaivuta mwenyewe, huku na kule, akahakikisha. "Ni kweli, haiwezi."

"Basi harusi yetu imeisha," shangazi akasema. "Haikatwi, haitoshi."

"Haikatwi," nikasema. "Nani alisema haiongezwi?"

Tukaenda wote mpaka mlangoni kwa bibi wa bibi harusi. Alikuwa mzee sana, amekaa juani na miguu imefunikwa. Nikamwuliza kama fundo la mwisho linaweza kufunguliwa na mkono uliolifunga.

"Linaweza," akasema. "Mlitaka ngapi?"

Hapo niliomba dakika. Nikageukia ukuta. Dantela ikirefuka upande mmoja wa kitandiko inarefuka na upande wa pili, kwa hiyo moja haifai. Tujaribu mbili. Arobaini na mbili. Nusu, ishirini na moja. Nusu tena, kumi na nusu. Ile nusu ilinichoma, sikuwahi kukutana nayo. Kumi na nusu mara kumi na nusu. Nilivipanga kichwani: mraba wa kumi, viraka mia, nusu ya mstari huku, vitano, nusu ya mstari kule, vitano, na pembeni robo ya kiraka. Mia na kumi na robo. Toa mia na nne: sita na robo. Haimo kwenye orodha. Lakini nilikwisha kujua orodha inaweza kuwa na nusu zake. Mbili na nusu mara mbili na nusu: nne, na moja, na moja, na robo. Sita na robo. Nilitamani kupiga kofi ukutani. Kumi na nusu ongeza mbili na nusu, kumi na tatu. Kumi na nusu punguza mbili na nusu, nane.

"Bibi, shubiri mbili," nikasema. "Kwa kibao hiki. Isizidi hata kwa unywele."

"Mi sijawahi kufuma kwa kibao," akasema, lakini akanyoosha mkono akakichukua.

Alifuma siku nzima. Sisi tulifumua safu na kuzishona upya, na shangazi wa Cyanzarwe alikaa pale pale, hakwenda kulima, akapokonya sindano kwa msichana mmoja akisema anashona kama anachimba viazi. Siku ya tatu tulizungusha dantela kwenye kumi na tatu kwa nane. Ncha ikafika kwa ncha. Bibi akafunga fundo. Shangazi akaingiza kidole katikati ya safu ya mwisho, akakiweka juu ya kiraka chake cha kwanza, kisha cha pili.  Akaingia ndani kumwangalia binti.

Kabla ya kuondoka nilibandua karatasi ukutani. Wifi alidhani nitaongeza mstari chini. Nikauandika juu, kabla ya kupima, kabla ya kila kitu, kwa sababu mtu mwenye sindano mkononi hasomi mpaka chini: *Viraka vikizidi mraba, simama. Usitoe. Usishone. Dantela ni fupi, rudi kwa bibi.*

"Sasa iko na mudomo," wifi akasema.

Basi mwezi uliopita, mjukuu wangu alipomaliza kucheka, nilimsimulia kitandiko hicho, nikamwambia aipe mashine yake viraka mia na nne na dantela arobaini. Akavigeuza kuwa namba ambazo programu yake inazitaka, akabonyeza. Mashine ikaandika maneno mengi mekundu ikanyamaza.

"Imeharibika, Bibi."

"Haijaharibika. Imesimama, ina akili kuliko sisi. Lakini haikukuambia kwa nini. Mtu akiisoma hivyo atageuza namba mpaka ikubali."

Akaniangalia, safari hii bila kucheka. "Niiandikie nini?"

Nikamtajia mstari ule ule wa karatasi ya wifi, viraka vikizidi mraba, simama, dantela ni fupi, na nikamwambia auweke juu.

Akauweka.